Mkono wa Mwanamkuu
Sehemu ya Saba

"Suka basi, tukuone."

Hapo ndipo ukurasa ulipotuishia Jumapili iliyopita, na Aziza binti Mfaume bado hajainuka. Amekaa katikati ya gulio la mafundi, kwenye bustani ya hoteli kule Utende, ukindu wa kusukia uko mapajani, watu wamemzunguka na simu zao zimeinuliwa juu.

Na Aziza, msomaji wangu, hawezi kusuka mkeka ule.

Ukili wa kawaida, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, anauweza, kama kila mtoto wa kike aliyezaliwa kijijini Kanga. Lakini mkeka uliotundikwa nyuma yake, wa buluu iliyokolea na madoa meupe kama mgongo wa papa potwe, haukutoka mkononi mwake. Ni kazi ya dada yake, Mwanamkuu, mjane aliye ndani akimalizia eda ya mumewe, marehemu Suleimani. Kwa miezi minne sasa Aziza anauza mikeka ya dada yake kwa jina lake mwenyewe. Dada hana habari.

"Dada Aziza, mgeni anasubiri," alisema Getrude, mratibu wa gulio, mwanamke wa bara mwenye haraka zake na orodha yake mkononi.

Mgeni ni Bwana Wilbrod, mwenye nyumba ya sanaa Dar es Salaam. Ndiye anayechagua kikundi kitakachokwenda kwenye maonyesho makubwa mwezi ujao. Mtu mnene, mpole, asiyependa kurudia neno. Alikuwa amechuchumaa mbele ya Aziza kama mtoto anayesubiri hadithi.

Aziza alitazama kulia. Wanawake kumi na mmoja wa kikundi cha Kanga walikuwa wamesimama kwenye meza zao wakimchekea kwa fahari. Akatazama kushoto. Ukuta wa hoteli.

Kando ya goti lake kulikuwa na kisu kidogo cha kuchania ukindu.

"Ngoja kwanza nichane ukindu," alisema.

Alikamata majani kwa mkono wa kulia, mkono wake wa kazi, ule ambao bila huo hakuna atakayemlazimisha kusuka. Kisu akakishika kwa wa kushoto. Akafumba macho, akavuta.

"Mamaaa!"

Damu ilitiririka juu ya ukindu mweupe. Watu wakapiga kelele. Getrude alikuja mbio na kitambaa, akakifunga kiganja, akakaza. Aziza alilia, na machozi yale yalikuwa ya kweli, lakini ndani ya moyo alikuwa anapumua.

"Samahanini, jamani," alisema. "Leo siwezi tena."

"Pole sana, mama," alisema Bwana Wilbrod. Alikuwa ameutungua mkeka wa papa potwe na kuugeuza, anautazama upande wa chini. "Ila una bahati."

"Bahati gani?"

"Mama yangu alisuka mikeka kule Bukoba mpaka uzee ukamzuia. Ukiniwekea mkeka mbele yangu, nakwambia aliyeushona alikaa vipi. Njooni muone." Watu wakasogea. "Mikeka yote ya meza zile, mshono unakwenda huku. Huu unakwenda kule. Shazia, sindano ya kushonea, imeingia upande usiozoeleka kutoka mwanzo mpaka mwisho. Aliyeshona mkeka huu ni mashoto."

Aziza aliacha kulia.

"Nilikuwa nangojea kuhakikisha," aliendelea yule bwana, sasa anatabasamu. "Na sasa hivi nimekuona kwa macho yangu umeshika kisu kwa kushoto. Umejikata mkono usio wa kazi. Mkono wako wa kusukia mzima kabisa, mama. Suka."

Simu zikainuliwa tena.

Mkono wa kushoto wa Aziza haujawahi hata kushona kifungo. Alikitazama kiganja kile kizima kama kitu cha mtu mwingine alichokabidhiwa akishike. Akaokota jani moja. Likamponyoka. Akaokota la pili.

Adhana ya Alasiri ikasikika kutoka kijijini.

"Sala," alisema Aziza, akasimama upesi mpaka kigoda cha jirani kikaanguka. "Sala kwanza, jamani."

"Kweli, sala kwanza," iliitikia sauti nzito nyuma yake. Ilikuwa ya Bimkubwa, mwenyekiti wa kikundi, mama wa miaka sitini na zaidi, mwenye heshima Kanga nzima.

Bwana Wilbrod alitazama saa yake, akaiwaza ndege yake ya kurudi Dar, akakubali kwa kichwa. "Si neno. Hata hivi ni bora zaidi. Hapa pana zogo. Getrude, Jumamosi tunakwenda kwake Kanga. Nataka kumpiga picha ya filamu akisuka nyumbani kwake, na vyungu vyake vya rangi. Ndiyo itakayofungua maonyesho ya Dar."

Getrude aliandika. "Jumamosi saa tatu asubuhi. Na kikundi kizima kiwepo. Kanuni mnazikumbuka, akina mama? Kila fundi na kazi ya mkono wake. Kikundi kitakachoonekana kinadanganya, kinaondolewa chote, gulio hili na Dar pia."

"Tunazikumbuka!" walijibu wanawake kumi na mmoja, na vigelegele vikapasuka.

Kila kigelegele kilimwingia Aziza kama msumari.

Kwenye bomba la nyuma ya jiko la hoteli, Bimkubwa alikuwa ameshakunja mikono ya nguo anatawadha. Aziza alisimama kando yake na kitambaa chake chenye damu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bimkubwa alijimwagia maji mguuni bila haraka. "Umekuwa mashoto tangu lini, Aziza?"

Aziza alikikaza kile kitambaa mkononi.

"Mwanamkuu nilimfundisha mimi, ana miaka tisa. Ilinibidi nimkalishe mbele yangu, uso kwa uso, afuate mkono wangu kama anajitazama kwenye kioo. Mshono ule naujua hata gizani. Nimejua tangu mkeka wa kwanza uliouleta hapa."

"Na hukusema?"

"Wewe ulisema?"

Aziza aliegemea ukuta. Yote yalianza na neno moja. Siku ya kwanza ya gulio, Getrude alipita na orodha yake akauliza, "Hii ni kazi yako?" Yeye alielewa anaulizwa kama biashara ni yake, akajibu ndiyo. Wiki ya pili akakuta kadi mezani: Aziza wa Kanga, Fundi wa Mikeka. Angeweza kuikataa siku ile. Lakini mtu aliyeachwa na mume, aliyerudi kwao na sanduku moja, aliyekuwa anaitwa mdogo wake Mwanamkuu tangu kuzaliwa, alilitazama jina lake lililoandikwa vizuri, akaiacha kadi ikae. Halafu ikaja picha. Halafu wageni wakaanza kumwulizia yeye.

"Leo namwambia," alisema. "Nikifika tu, namwambia dada, na kesho nampigia Getrude."

Bimkubwa alifunga bomba.

"Umpigie umwambie nini? Umesikia kanuni. Wenzako kumi na mmoja wanafutwa. Amina ana watoto sita. Faraja ameshaaga kwao kwamba anakwenda Dar, hajawahi kuvuka bahari tangu azaliwe. Wamefanya kosa gani?"

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Jumamosi utakaa mbele ya kamera, mkono umefungwa, utasema kidonda kinauma, utasuka ukili wa kawaida, urefu wa vidole viwili tu, basi. Watapiga picha ya mkeka uliokwisha. Watakwenda zao."

"Na dada? Ijumaa anatoka eda. Jumamosi atakuwa nje, uwanjani kwake, anawaona!"

"Dada yako niachie mimi," alisema Bimkubwa, akaenda kuswali.

*

Mwanamkuu alikuwa anamngoja ndani, kwenye mkeka ulioshonwa nusu. Nyumba yake na ya Aziza zinatazamana, uwanja mmoja katikati, vyungu vya rangi kando. Kwa miezi minne uwanja ule ameuona kupitia pazia tu.

"Wamesemaje kuhusu wa papa potwe?" aliuliza kabla ya salamu kumalizika.

"Wameupenda, dada. Wameugeuza mpaka chini."

"Chini?" Mwanamkuu alicheka, kicheko ambacho Aziza hakukisikia tangu msiba. "Basi huyo anajua mikeka. Na jina langu? Wanalitaja?"

Kila Jumatano aliuliza hivyo hivyo. Na kila Jumatano Aziza alijibu hivi:

"Wanakusalimia."

Mwanamkuu aliridhika. Halafu akaona kitambaa. Aliushika ule mkono, akaufungua, akaosha kidonda kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, akakifunga upya kwa kipande cha kanga safi. Aliufunga kwa kushoto, upesi, kwa vidole visivyokosea.

"Keshokutwa natoka," alisema akiwa ameinamia kazi yake. "Jumatano ijayo twende wote Utende. Nisimame pale mezani, nisikie mtu akisema mbele yangu, mama, huu umeusuka vizuri. Nikikaa humu usiku, ndilo ninalolifikiria. Wengine wakitoka eda wanatamani kwenda kwa ndugu zao. Mimi natamani meza."

Aziza aliaga, akavuka uwanja kwenda kwake.

Alhamisi asubuhi alirudi amejikaza. Alikuwa amelia vya kutosha, sasa atasema, liwalo na liwe. Aliketi mbele ya dada yake, magoti yakagusana.

"Dada, nina neno."

"Hodi humu!"

Bimkubwa aliingia bila kungoja karibu. Ndiye aliyesimamia eda ya Mwanamkuu tangu siku ya maziko, na ndiye atakayemtoa. Alikuwa na tasbihi mkononi na uso wa mtu aliyeleta taarifa.

"Mwanangu, nimepiga hesabu upya, nimeona tulikosea. Hutoki kesho. Unatoka Jumapili."

Mwanamkuu aliweka shazia chini. "Jumapili? Mbona mimi nimehesabu siku hata siku?"

"Mwezi ule wa kwanza sisi huku hatukuuona usiku ule tulioambiwa. Hiyo ni siku moja. Na Suleimani alifariki baada ya Magharibi, siku ya pili ikiwa imeshaingia. Hiyo nyingine."

"Baada ya Magharibi?" Mwanamkuu alikunja uso. "Mimi nakumbuka jua lilikuwa bado. Nakumbuka lilikuwa linapiga pale, kwenye mguu wa kitanda."

"Mfiwa haoni saa, mwanangu. Wewe siku ile ulikuwa hujijui." Bimkubwa aligeuka taratibu. "Aziza alikuwapo. Ndiye aliyemfumba macho. Tumuulize yeye."

Sasa fikiri, msomaji. Wote wawili wanamtazama. Mmoja anajua jibu na anataka lingine. Mwingine yuko tayari kuamini lolote litakalotoka kinywani mwa mdogo wake.

Aziza alikumbuka vizuri. Adhana ya Alasiri ilikuwa imemalizika punde. Jua lilikuwa kwenye mguu wa kitanda, kama dada alivyosema.

Akawaona wanawake kumi na mmoja. Akamwona Faraja na sanduku lake la safari ya Dar.

"Baada," alisema. "Baada ya Magharibi, dada."

Mwanamkuu akainamisha kichwa. "Basi. Siku za Mungu mimi siwezi kuzipunguza. Jumapili." Akaokota shazia, akaendelea kushona. "Ulikuwa na neno, Aziza?"

"Hapana, dada."

Alitoka nje, akapita kando ya vyungu vya rangi mpaka kwake.

Sasa hakuwa tena na pa kupita. Akisema kweli ya mikeka, itabidi aseme na ya eda. Ijumaa nzima, siku ambayo dada yake alipaswa kutoka, Aziza alijifungia kwake akijifunza kushika ukindu kwa mkono wa kushoto. Kila alipoinua macho dirishani, aliliona lile pazia la ng'ambo likitikisika.

*

Jumamosi saa tatu kamili, gari la hoteli lilisimama uwanjani.

Wanawake wa kikundi walikuwa wamevaa kanga za sare, wamejipanga kwenye uzio wa makuti. Bimkubwa alikuwa ameshamwambia Mwanamkuu kwamba wageni wanakuja kukagua kikundi, kuna wanaume, akae ndani na asisogee dirishani.

Bwana Wilbrod alishuka na kamera yake ya miguu mitatu. Alikwenda kwenye baraza ya Aziza, akatazama jua, akakunja uso.

"Hapa mwanga unaniumiza. Pale ng'ambo pana kivuli kizuri." Alinyoosha kidole kwenye baraza ya Mwanamkuu.

"Pale hapana!" Bimkubwa alimkata. "Ndani kuna mjane wa eda."

"Hatuingii ndani, mama. Barazani tu. Dakika kumi."

Bimkubwa akaenda kusimama nyuma ya gari. Aziza alikalishwa ukutani, chini ya dirisha la dada yake. Pazia la kanga lilikuwa hatua moja kutoka kisogoni mwake. Alisikia, nyuma ya pazia, shazia ikipenya ukili. Taratibu. Moja. Nyingine.

Taa nyekundu ya kamera ikawaka.

"Jina lako?"

"Aziza," alijibu kwa sauti ya chini.

"Sema kwa nguvu kidogo, mama."

"Aziza binti Mfaume."

"Mkeka huu wa papa potwe ndio uliotuleta huku. Wazo ulilipata wapi?"

Aziza hakuwa amejitayarisha kwa swali hili. Alijitayarisha kwa kidonda, kwa ukindu, kwa mkono wa kushoto. Habari ya mkeka aliijua moja tu, ile ya kweli, na ilimtoka yenyewe kinywani:

"Mume wangu alinisimulia."

Nyuma ya pazia, shazia ilisimama.

"Ehe?"

"Alikuwa... alikuwa anatega samaki. Siku moja alirudi nyumbani hajapata kitu, lakini anacheka peke yake. Akasema papa potwe amekuja ubavuni, akakaa naye kitambo, mgongo wake umejaa madoa kama mtu aliyemwagiwa mchele. Mimi sijawahi kumwona papa potwe. Basi akachukua mchele, akaumwaga juu ya kanga ya buluu, akaniambia, ndivyo alivyo. Ndiyo nikasuka."

Getrude alijifuta jicho. Wanawake uzioni walitazamana. Wao walijua ni nani aliyemwaga mchele ule, na kwa nani.

"Mzee yupo?" aliuliza Bwana Wilbrod kwa upole. "Tungependa kumpata naye."

Aziza alitazama ile taa nyekundu. Hakuona njia nyingine.

"Amefariki," alisema.

Komeo la mlango likalia.

"Mwanamkuu, usitoke!" Bimkubwa alipiga kelele. "Kuna wanaume!"

Mlango ulifunguka. Mwanamkuu alisimama kizingitini, amejitanda kanga mpaka usoni, macho tu yanaonekana. Miezi minne hakuwa amekanyaga baraza ile mchana. Alipepesa kwa ule mwanga, akashika mwimo wa mlango.

Bwana Wilbrod, kwa adabu, aligeuza uso wake upande wa pili.

"Suleimani alikuwa mume wangu," alisema Mwanamkuu. Sauti yake haikupanda. "Mchele aliumwaga mbele yangu. Na mkeka ni wangu."

"Mama, samahani," Getrude alisimama, "wewe ni nani?"

Mwanamkuu alikaa pale pale kizingitini, akanyoosha mkono wa kushoto, akachukua ukindu mapajani mwa Aziza kama mtu anavyompokonya mtoto kisu. Akaanza kusuka. Buluu, buluu, nyeupe. Vidole vilikwenda vyenyewe. Doa la kwanza likatokea. Likatokea la pili.

Bwana Wilbrod aliitazama ile kazi, mikono tu, bila kuinua macho zaidi ya hapo. "Ndiye huyu," alisema polepole. "Mungu wangu. Ndiye huyu."

"Dada..." Aziza alianza.

"Nyamaza. Nakuuliza neno moja tu, na ujibu mbele ya watu hawa." Mwanamkuu aliacha kusuka. "Nimetoka humu nikiamini nimevunja eda yangu, imebaki siku moja. Sikuweza kuvumilia, nimetoka na dhambi hiyo. Sasa niambie. Suleimani alifariki saa ngapi?"

Bimkubwa, nyuma ya gari, alitikisa kichwa mara moja tu. Usiseme.

Aziza aliuona ule mtikiso. Aliwaona na wenzake uzioni, kumi na mmoja, macho yao yote kwake. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya orodha, hakuwa na hamu ya kumpendeza mtu yeyote.

"Alasiri," alisema. "Adhana ilikuwa imetoka kumalizika. Jua lilikuwa kwenye mguu wa kitanda, dada, kama ulivyokumbuka. Eda yako iliisha jana."

Mwanamkuu aliutazama ukindu mkononi mwake. Alipozungumza, ilikuwa kama anazungumza na ule ukindu.

"Jina ungeniomba ningekupa. Tangu tuko wadogo, kipi ulichoniomba nikakunyima? Na habari ya mchele ungeniomba, labda ningekupa. Lakini saa ya kufa mume wangu, Aziza. Ile nilikuwa nayo peke yangu. Mkanifanya niitilie shaka."

Aziza alijitupa miguuni pake. Mwanamkuu aliondoa miguu.

"Mimi nasikitika," alisema Getrude kwa hasira na haya, "lakini nilisema wazi. Kikundi cha Kanga nakifuta. Dar haendi mtu."

Kilio kilitoka uzioni. Faraja alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Mwanamkuu alisimama. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, miguu ikimsumbua kwa kutozoea mwendo, akafungua mlango wa nyuma mwenyewe.

"Nipelekeni Kilindoni," alimwambia dereva. "Kwa shekhe. Nataka nijue hukumu ya mjane aliyezuiwa ndani kwa uongo, na hukumu ya waliomzuia."

Bimkubwa akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. "Mwanamkuu, mwanangu, usinipeleke huko. Nimeswalisha wanawake wa mji huu miaka ishirini..."

"Aziza, panda," alisema Mwanamkuu bila kumtazama. "Utasema kwa kinywa chako."

Bimkubwa alimdaka Aziza kifundo cha mkono, ule ule wenye kidonda. "Ukipanda humo," alimnong'oneza, "umenizika mimi nikiwa hai, na hawa kumi na mmoja hawatakuamkia maisha yako yote. Utaishi wapi? Na nani?"

Kidonda kilifunguka. Damu ilipenya kitambaa.

Aziza aliuvuta mkono wake. Akapanda. Mlango ukafungwa.

Ndani ya gari ndugu hawa wawili walikaa kila mmoja kwenye dirisha lake, nafasi ya mtu wa tatu katikati yao. Getrude akapanda mbele. Bwana Wilbrod akakunja kamera yake, akapanda kando ya Getrude. Dereva akawasha.

"Twendeni," alisema Getrude.

Lakini gari halikwenda.

Faraja alikuwa ametoka uzioni. Alitembea mpaka katikati ya njia, mbele ya gari, akatandika mkeka wake, akaketi juu yake, akatazama kioo cha mbele uso kwa uso na wale waliokuwemo. Nyuma yake akaja Amina. Halafu mwingine. Hawakupiga kelele. Mkeka baada ya mkeka, njia ile moja ya kutokea uwanjani ikajaa kutoka uzio mpaka uzio.

Dereva alipiga honi. Hakuna aliyetikisika.

"Hatoki mtu hapa," alisema Faraja, "mpaka na sisi tuseme tunayoyajua."

Kwenye kiti cha nyuma, Mwanamkuu alimgeukia mdogo wake kwa mara ya kwanza tangu atoke ndani.

"Wanayajua yapi, Aziza?"